Gwaride la Pacha Kumi na Mmoja

Koplo Mtweve alikuwa anakufa, na bado aliniambia, "Salama, afande."

Ilikuwa Jumanne, saa tatu asubuhi, kitanda cha kumi na nne, Wodi C. Nilikuwa sijakanyaga Wodi C tangu Ijumaa. Msinitazame hivyo. Kituo chetu cha Lihandule kina askari wastaafu mia moja sitini na wanane, wodi nne, na muuguzi mmoja mwenye damu mwilini, ambaye ni mimi, Sajini Taji mstaafu Atukuzwe Nyagawa. Wauguzi wengine kumi na mmoja ni mitambo. Jina lao la kwenye makaratasi ni Muuguzi Nakala. Wazee wanawaita Pacha, kwa sababu wote wanaongea kwa sauti yangu.

Nilimsalimia kama siku zote. "Shikamoo, baba Koplo."

Kwa umri ni baba yangu, kwa cheo mimi ni mkubwa wake, kwa hiyo kila tulipokutana tulikuwa tunaheshimiana mara mbili, mara moja kiraia na mara moja kijeshi.

"Marahaba," akasema. Kisha akanyoosha mikono juu ya blanketi, akajaribu kukaa mguu sawa huku amelala. "Jambo, afande."

"Jambo. Umeamkaje?"

"Salama, afande."

Uso wake ulikuwa rangi ya majivu na shingo imelowa jasho, na huku kwetu mwezi wa saba hakuna binadamu anayetoka jasho asubuhi. Nikafunua blanketi, nikaweka kiganja tumboni. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Utumbo umetoboka, na haukutoboka leo.

Nikageukia kitanda cha kumi na tatu. Pale analala Praiveti Kihwele, mzee asiye na miguu yote miwili. Aliiacha kwenye vita vya mpakani, na Mtweve ndiye aliyembeba mgongoni kutoka huko. Tangu hapo hawajawahi kulala vitanda visivyofuatana.

"Kihwele! Huyu ana siku ngapi?"

"Ya nne leo, afande. Tangu Jumamosi. Akizidiwa anauma shuka."

"Siku nne! Na wewe umekaa hapo kimya unamtazama?"

Akanitazama kama mimi ndiye niliyerukwa na akili. "Hakuniuliza mtu, afande. Pacha wako kapita hapa mara kumi na mbili. Kamuuliza yeye. Mimi hakuniuliza."

Nilipiga simu kuita ndege ya wagonjwa, nikamchomeka dripu, nikatoka mbio kumtafuta Pacha wa Wodi C anisaidie kumbeba. Nikamkuta kwenye ujia. Mtambo mzima, mikono miwili ya mpira uliopashwa joto, magurudumu manne, taa ya kijani kifuani, umesimama tuli umekodolea macho mlango wa choo.

Enyi watu. Mzee anaoza tumbo mita kumi kutoka pale, na lenyewe linatazama mlango wa choo.

Nikalipiga teke. Si kidogo, nililipiga kwa buti.

"Pole sana," likaniambia, kwa sauti yangu, sauti ya upole ambayo mimi sijawahi kuitumia tangu nizaliwe. "Umejiumiza?"

Ndege ilifika saa saba na nusu mchana. Mtweve alikuwa amekwisha kufa tangu saa saba kamili, sahani za wali zikiwa zinapita. Kabla hajakata roho aliniomba radhi kwa usumbufu.

*

Ngoja niwaeleze jambo ambalo halimo katika kitabu chochote cha uuguzi, maana nisipolieleza mtadhani Mtweve alikuwa mjinga.

Askari haambii mkubwa wake kwamba anaumwa. Alifundishwa hivyo akiwa na miaka kumi na tisa, kwa fimbo na kwa jua, na hakuna aliyemfundisha kinyume chake alipostaafu. Ukimuuliza, "Unaumwa?" atasema hapana, hata kama kisu bado kimo ubavuni. Lakini mwenzake atasema. Ukimuuliza mwenzake, hasemi kwa umbea, anatoa taarifa, na taarifa ni wajibu. Kwa hiyo mimi miaka yote nilikuwa namuuliza kitanda cha kumi na tatu habari za kitanda cha kumi na nne, na kumi na nne habari za kumi na tatu. Nilijifunza hilo kambini nikiwa koplo, na limeniokolea watu wengi kuliko dawa.

Sasa sikilizeni kosa langu, maana na mimi nimo.

Miaka saba iliyopita, wauguzi walipokuwa wanakimbilia nchi za watu kila mwezi, Tume ya Matunzo ilinichagua ninakiliwe. Mwaka mzima nilivaa kola shingoni na glavu mikononi. Kola inasikia kila neno, glavu zinaandika kila mguso: namna ya kumgeuza mtu asitoke kidonda cha mgongo, namna ya kutafuta mshipa kwenye mkono wa mzee. Yote yanakwenda kwenye mtambo. Basi ile kola ilikuwa na kanuni ya siri ya mgonjwa. Ukimuuliza mgonjwa mmoja habari za mwingine, inapiga kelele mithili ya king'ora, na kosa lako linaandikwa.

Nikafanya nini? Nilikuwa naaga kwamba naenda chooni. Navua kola, naitundika kwenye mlango wa choo, narudi wodini shingo tupu, nauliza majirani, nasikia ninachotaka, kisha naenda kuivaa tena. Mara arobaini kwa siku. Nilijiona mjanja kweli.

Kwa hiyo mtambo ulinakili kila kitu changu isipokuwa kile kitu chenyewe. Ukanakili dakika nne za kusimama mbele ya mlango wa choo. Miaka sita Pacha wote kumi na mmoja wamekuwa wakiacha wagonjwa na kwenda kusimama pale, na wazee wanacheka, "Afande Pacha kaenda haja." Na mimi nilikuwa nacheka nao. Mungu anisamehe, nilicheka nao.

*

"Pole kwa msiba, Sista," akasema Dokta Mkude.

Huyo ndiye mkurugenzi wetu. Ni daktari kweli, ila mgonjwa wa mwisho kumgusa sijui ni lini.

"Mimi si Sista. Mimi ni Sajini Taji."

"Keti, Sajini Taji."

"Sikai."

Akasukuma karatasi kwenye meza. Niliijua. Ridhaa ya mwenye nakala, inasainiwa kila baada ya miaka mitatu. Bila saini yangu Pacha wanazimwa, ndivyo sheria inavyosema, na muda ulikuwa unakwisha Alhamisi saa nne asubuhi, siku ileile ambayo Kanali Kisaka wa Tume angekuja kufanya ukaguzi.

"Mtweve kafa kwa sababu mtambo haujui kuuliza," nikasema. "Dawa zake za baridi yabisi zilikuwa zinaficha homa. Mtambo hauruhusiwi kumgusa tumbo mtu asiyelalamika. Umemuuliza mara kumi na mbili, kasema hapana mara kumi na mbili, umeandika hana maumivu. Ungekuwa na muuguzi mmoja tu pale, mmoja, hata mwanafunzi wa mwaka wa pili, angeona jasho!"

"Nakubaliana na wewe."

"Usikubaliane na mimi! Lete watu!"

"Nafasi zimejaa." Alisema hivyo bila kupepesa jicho. "Kiwango cha kituo ni wauguzi kumi na wawili. Tunao kumi na wawili. Siwezi kuomba watu wa nafasi zilizojaa, Sajini Taji, hata ningetaka."

Hilo nalo ni la kijeshi, na ni la kipumbavu. Tume inatumia Agizo la Kumi na Nane, lililoandikwa zamani za vita. Kwenye gwaride la ukaguzi ofisa anaita kila nafasi. Anayeitika "Nipo, afande" amehesabiwa, nafasi imejaa, mjadala umekwisha. Isiyoitikiwa iko wazi, na ndani ya siku thelathini lazima aletwe mtu mwenye pumzi, asipoletwa mkurugenzi anajibu yeye mwenyewe. Aliyeandika agizo lile hakuwaza kwamba siku moja mashine itaitika. Kila mwaka nasimama kwenye gwaride lile nasikia sauti yangu ikisema "Nipo, afande" mara kumi na moja, kisha naitika ya kwangu, ya kumi na mbili.

"Sisaini," nikasema.

"Sawa." Akakunja mikono. "Alhamisi saa nne nazima. Saa nne na robo Kihwele anataka kugeuzwa. Atageuzwa na nani? Wodi A kuna wanane wanaolishwa kwa mrija. Atawalisha nani? Wewe una mikono mingapi?"

Nilitaka kumtukana tusi la kambini lakini lilikwama, kwa sababu alikuwa anasema kweli, na mtu kama yule akisema kweli inaumiza zaidi.

"Hicho unachosema mtambo haujui," akaongeza kwa upole, "si uufundishe? Fundi yupo. Kesho nzima ni yako. Ufundishe, usaini, hili lisitokee tena."

Hapo ndipo aliponishika. Nisipoufundisha, mzee mwingine atauma shuka hadi afe. Nikiufundisha, nimewapa kitu cha mwisho walichokuwa hawana. Hakuna atakayekumbuka tena kwamba Lihandule palitakiwa wauguzi kumi na wawili wenye mama na baba. Nafasi zitajaa milele, na kufuli nimelifunga mimi mwenyewe.

Nilitoka bila kuaga. Karatasi niliichukua.

*

Fundi Selestini Ndunguru ana karakana yake nyuma ya jiko, na ana tumbo ambalo linafika mahali kabla yake. Asubuhi ya Jumatano nikamweleza habari ya choo. Alisikiliza hadi mwisho, akashika kichwa.

"Mama Nyagawa, sisi tulidhani una kibofu! Tuliandika kabisa kwenye faili, 'mnakiliwa ana tatizo la mkojo.' Tukaona aibu kukuuliza."

"Mngeniuliza!"

"Mwanamke mzima, sajini taji, nianze kukuuliza habari za mkojo? Ningepona?"

Kwa hasira zangu zote nilicheka, halafu nikamkumbuka Mtweve, kicheko kikaisha.

Akaniletea kola ileile ya zamani, akaichomeka kwenye Pacha wa Wodi C. Akaniambia nieleze tu kwa maneno, mtambo utaelewa, na yeye atazima king'ora. Nikaeleza. Uliza jirani. Usiulize mgonjwa peke yake, uliza jirani yake. Taa ikawaka njano, ikarudi kijani.

"Asante kwa mafunzo," Pacha akasema, laini kama mhudumu wa hoteli.

Tukaujaribu kwa Ndunguru mwenyewe. Alijifanya mgonjwa wa kitanda cha jirani. Pacha akamuuliza, "Je, mwenzako ana maumivu yoyote?" Ndunguru akasema, "Sijui, afande." Pacha akamshukuru, akamtakia siku njema, akaondoka zake kwa magurudumu.

"Hiyo ndiyo nini?" nikasema. "Mimi nikiambiwa 'sijui' ninaondoka? Mimi nasimama pale nasema, hujui nini wewe, umelala naye bega kwa bega mwaka wa nne, nitazame machoni uniambie hujui! Hapo ndipo anasema. Hawasemi mara ya kwanza!"

Ndunguru akajikuna shingo. Nilijua kuna kitu anaficha.

"Sema."

"Hauwezi kusema hivyo, mama. Tuliupunguza ukali."

"Mlipunguza nini?"

"Ukali wako. Unapimwa kwa mia. Nakala yako ilipofika ilikuwa na themanini na nane. Mkurugenzi akaleta barua kwamba wagonjwa wanatakiwa kufarijiwa. Tukaushusha." Akatazama buti zangu. "Hadi mbili."

Mbili kwa mia. Jamani! Mtu mzima nimegombana na madaktari, nimegombana na majenerali kwa ajili ya wazee hawa, nimemrushia mtu trei, na ugomvi wote ule waliuona kuwa uchafu wa kufutwa. Wakabakiza mikono yangu na sauti. Wamechukua kila kinachofanya kazi iende, wakatupa kile kinachofanya mtu aokolewe.

"Rudisha."

"Mama, Mkurugenzi..."

"Mkurugenzi kaniambia niufundishe. Hayo ndiyo mafunzo. Rudisha themanini na nane yangu, Selestini, kabla sijakuonyesha kumi na mbili zilizobaki kufika mia."

Akarudisha. Wote kumi na mmoja hupokea kwa pamoja. Taa ya kifuani ikazimika, ikawaka.

"Mwanangu," Pacha akamwambia Ndunguru, na safari hii niliijua ile sauti, "nani kaniwekea haya maneno ya kubembelezabembeleza?"

Ndunguru akarudi nyuma hatua mbili. Mimi nikavuta kigoda, nikakaa mbele ya ule mtambo, nikauambia habari za Mtweve. Sikupunguza kitu. Shuka, jasho, tumbo, sahani za wali, radhi aliyoniomba.

"Nilimuuliza mara kumi na mbili," ukasema.

"Ndiyo."

"Nikaandika hana maumivu."

"Ndiyo."

"Mimi mpumbavu."

"Tuko wawili," nikasema.

Sijui kama kuna mtu mle ndani. Ndunguru anasema hakuna, ni hesabu tu. Lakini nimekaa na watu wengi waliofiwa, na sauti ile niliijua.

*

Mchana niliufuata hadi Wodi C. Nilikaa mlangoni nikatazama.

Ulianza kitanda cha kwanza. "Jambo, mzee. Usiniambie salama, sijakuuliza wewe, nyamaza. Wewe kitanda cha pili! Huyu kala?"

"Kala, afande."

"Kala nini?"

"...Kala uji, afande."

"Unadanganya mchana kweupe! Midomo yake mikavu. Rudia taarifa."

"Hajala tangu jana, afande. Anasema jino."

Wodi nzima ilikaa wima. Wazee wa miaka themanini walinyoosha shuka zao kwa haraka. Nikasikia mmoja anamnong'oneza mwenzake, "Pacha karudiwa na akili," na mwingine akasema, "Huyo si Pacha, huyo ni afande mwenyewe kajificha ndani." Walikuwa wanafurahi, watu wale. Kwa muda wa saa moja yalipatikana jino bovu, kidonda cha kisigino, na mzee mmoja aliyekuwa anaficha vidonge vyake chini ya godoro.

Ukafika kitanda cha kumi na tatu. Kihwele alikuwa amegeukia kitanda cha kumi na nne, ambacho tayari kilikuwa kimetandikwa upya.

"Jambo, Kihwele."

"Jambo, afande."

Pacha akageuka kushoto, na kushoto ni ukutani. Akageuka kulia, akakuta kitanda kitupu. Akasimama. Hakuwa na mtu wa kumuuliza habari za Kihwele. Mimi mwenyewe sikuwa nimeliwaza hilo. Siku ile yote nilikuwa na hasira juu ya aliyekufa.

"Haiwezekani," Pacha akasema kwa sauti kubwa. "Kitanda cha sita! Unatembea?"

"Natembea, afande."

"Chukua blanketi lako. Kuanzia leo unalala hapa. Huyu mtu asikae bila jirani hata dakika moja."

Mzee wa kitanda cha sita akahama na blanketi lake. Kihwele akafunika uso kwa mikono miwili, na mabega yakawa yanatikisika, na jirani yake mpya bila kuulizwa akasema, "Analia, afande. Natoa taarifa."

"Nimeona," Pacha akasema. "Acha alie."

Saa kumi alasiri nilisaini ile karatasi. Nilisaini nimesimama, kwenye dirisha la ofisi ya Mkurugenzi, na nilibonyeza kalamu hadi ikatoboa. Wazee watageuzwa, watalishwa, wataulizwa. Nilijiambia hivyo. Na nafasi kumi na moja nilikuwa nimezizika. Nilijiambia hilo pia. Dokta Mkude akasema, "Umefanya jambo la busara, Sajini Taji," nikajibu kwamba akiniambia neno busara tena nitamlisha karatasi yenyewe.

*

Alhamisi ukungu ulikuwa bado uko juu ya majani. Wazee wanaotembea walisimama, wasiotembea walisukumwa kwa viti, na wote walivaa bereti. Kihwele alikuwa na bereti mbili, ya kwake kichwani na ya Mtweve mapajani. Sisi wauguzi tulikaa mstari wa mbele, Pacha kumi na mmoja wametengeneza safu iliyonyooka kuliko ya kuruta yeyote, na mimi mwisho wa safu, kwa sababu mitambo huitwa kwanza.

Kanali Kisaka ni mama mfupi, ana kalamu ya wino na daftari la karatasi, haamini vioo vya kompyuta. Dokta Mkude alisimama nyuma yake na suti mpya.

"Gwaride la ukaguzi, Kituo cha Lihandule," Kanali akasoma. "Muuguzi Nambari Moja!"

Pacha wa kwanza akasogea hatua moja.

"Hayupo, afande!"

Nilidhani nimesikia vibaya. Sauti ilikuwa yangu, kwa nguvu yote ya uwanja wa gwaride, lakini mdomo wangu ulikuwa umefungwa.

Kanali akainua kichwa. "Nani kaitika?"

"Mtambo, afande. Nageuza wagonjwa, nachoma sindano, nauliza majirani. Jana nimeanza kuuliza majirani, na nitaendelea leo na kesho, siachi. Lakini muuguzi wa nafasi hii hayupo. Miaka sita niko hapa, afande, sijapata kumuona."

"Hitilafu!" Dokta Mkude akaruka mbele. "Afande Kanali, ni hitilafu ndogo, jana walifanyiwa marekebisho, fundi yuko wapi? Ndunguru!"

Ndunguru alikuwa kwenye kona ya jiko, na aligundua ghafla kwamba kamba ya kiatu chake imefunguka.

"Dokta, rudi mstarini," Kanali akasema bila kugeuka. Akaandika kitu. "Muuguzi Nambari Mbili!"

"Hayupo, afande!"

"Nambari Tatu!"

"Hayupo, afande!"

Mimi sikuwaagiza. Naapa kwa kaburi la mama yangu, sikuwaagiza. Jana yake nilikuwa nimesaini. Nilikuwa nimechoka, nikasema yaishe. Lakini ule ukali wangu, waliokuwa wameufungia miaka sita bila kuutumia, ulikuwa haujachoka hata kidogo. Ulikuwa mzima kama siku nilipouvua shingoni, na sasa ulikuwa unasema mbele ya Kanali neno ambalo mimi mwenye miguu na saini sikuthubutu kulisema magwaride yote sita.

"Nambari Nne!"

"Hayupo, afande!"

Nyuma yangu nikasikia mzee mmoja anaanza kuhesabu kwa sauti ya chini, "Tano," na wa pili naye, na kabla ya nambari nane uwanja mzima ulikuwa unahesabu. Dokta Mkude alikuwa ametoa leso. Kwa Kanali niliona kitu kimoja tu, kwamba mkono ulikuwa unaandika kwa kubonyeza, kama nilivyobonyeza mimi.

"Nambari Kumi na Moja!"

Huyu ndiye Pacha wa Wodi C. Alisogea hatua yake moja. Aligeuza taa yake upande wa Kihwele na zile bereti mbili, kisha akairudisha mbele.

"Hayupo, afande," akasema, taratibu kuliko wenzake. "Na Jumamosi pia hakuwepo."

Kanali alifunga kalamu, akaifungua tena. Alisoma jina la mwisho kwenye daftari lake, akanitafuta kwa macho kwenye ile safu ya mashine hadi akanipata.

"Sajini Taji Nyagawa, Atukuzwe!"

Nilipiga hatua yangu. Kituo kizima kilikuwa kimekwisha kuisikia sauti yangu mara kumi na moja asubuhi ile.

"Nipo, afande," nikasema. "Peke yangu."